Riwaya ya mapenzi ikilegea, tangaza ndoa

Ukiandika riwaya ya mapenzi ya Kikristo na sura za katikati zikapoa, usiongeze mahubiri. Wapeleke wachumba kwa mchungaji. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, na makanisa mengi hutangaza Jumapili tatu mfululizo: mwenye pingamizi ajitokeze. Basi msomaji naye anaanza kuhesabu Jumapili. Ya kwanza, vigelegele. Ya pili, mtu anakohoa benchi la nyuma, na binti aliye kwenye kwaya anakunja leso mpaka inaloa jasho. Hapo sala ya sentensi moja inatosha kabisa (mimi zile ndefu huzifuta zote).