Namna ya Kubuni Klipu ya Springi ya Kupimia Nyaya Bila Kumenya Ganda

Fundi anayetafuta hitilafu kwenye nyaya za boti, pikipiki au gari mara nyingi huhitaji kujua kama umeme umefika katikati ya waya ambao hauna sehemu yoyote iliyo wazi. Njia iliyozoeleka ni kumenya ganda kwa wembe, kupima, kisha kuzungushia tepu. Kwa Tanga, ambako upepo wa bahari huleta chumvi kuanzia Raskazone hadi ndani ya Ngamiani, kufanya hivyo ni kujipangia hitilafu nyingine. Unyevu wenye chumvi hupita chini ya tepu, hupanda kati ya nyuzi za shaba kama mafuta yanavyopanda katika utambi, na baada ya muda waya ambao kwa nje ni mzima huwa umegeuka unga wa kijani kwa ndani, mbali kabisa na pale ulipomenywa.

Klipu ya springi yenye sindano hutoboa ganda kwa tundu dogo, hugusa shaba, na hubaki imejishikilia yenyewe huku mikono yote miwili ya fundi ikiwa huru. Nashauri vipimo vyake vyote vipangwe kwa kuanzia na tundu litakalobaki baada ya kupima, na nguvu ya kubana ifuate baadaye. Klipu nyingi za bei nafuu zimebuniwa kinyume cha hivyo: hubana kwa nguvu sana, zina meno makubwa, na huacha jeraha ambalo halizibiki.

Kabla ya kushika msumeno, mipaka ieleweke. Klipu inayoelezwa hapa ni ya mifumo ya volti 12 na 24 ya betri tu. Haifai kwa umeme wa nyumbani wa volti 230, kwa sababu vifaa vya kushikwa mkononi vya kupimia umeme wa namna hiyo vina kiwango chake cha kimataifa, IEC 61010-031, chenye masharti ya umbali wa vidole kutoka kwenye chuma kilicho wazi na ya uimara wa kihami, yaani ganda lisilopitisha umeme, na kifaa cha kutengenezwa nyumbani hakiwezi kudai kwamba kimetimiza masharti hayo. Usiitumie pia kwenye nyaya nene za rangi ya machungwa za magari ya haibridi, kwenye nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, ambazo kwa kawaida soketi zake ni za manjano, wala kwenye waya wa plagi ya injini, unaobeba maelfu ya volti. Waya wenye wavu wa chuma chini ya ganda la nje nao uachwe, kwa kuwa sindano itaunganisha wavu na waya wa ndani na kuleta shoti. Na kama soketi inafikika, ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi upime hapo, kwa sababu waya usiotobolewa hauhitaji kuzibwa.

Tuanze na sindano. Sindano ya cherehani inapatikana kila duka la vifaa vya ushonaji, na namba yake hueleza unene: namba 70 ina kipenyo cha milimita 0.7, namba 90 milimita 0.9, namba 100 milimita 1. Kasoro yake ni kwamba tundu la uzi liko karibu na ncha, na kingo za tundu hilo hukwangua ganda badala ya kulipanua. Sindano ya kushonea kwa mkono, yenye unene wa milimita 0.7 au pungufu, ni bora zaidi, kwa sababu ncha yake ni duara na laini hadi mwisho. Ikipita kwenye plastiki husukuma ganda pembeni bila kulikata, na ikitolewa, ganda lililo laini bado hurudi na kujifumba kwa sehemu kubwa. Ncha hiyo pia hupenya kati ya nyuzi za shaba bila kuzikata, jambo muhimu kwa nyaya ndogo za magari ambazo huwa na nyuzi 16 hadi 19 nyembamba sana.

Sindano isilehemiwe moja kwa moja, maana joto huipunguzia ugumu na siku ikipinda itabidi klipu nzima ivunjwe. Chukua konekta ya skrubu ya kuungia nyaya, ile ya plastiki nyeupe inayokatwa vipande vipande, na toa kipande cha chuma cha ndani. Kina tundu refu na skrubu mbili. Skrubu ya kwanza itabana sindano iliyokatwa kwa urefu unaofaa, ya pili itabana waya wa kwenda kwenye mita. Sindano ikiliwa na kutu, na italiwa, utaibadilisha kwa dakika chache kwa bisibisi ndogo.

Kina cha kutoboa ndicho chenye hesabu inayohitaji uangalifu zaidi. Waya wa gari wa milimita za mraba 0.5, wa aina yenye ganda jembamba, una kipenyo cha jumla cha takriban milimita 1.6, na ganda lake ni zaidi kidogo ya robo milimita. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye ganda la kawaida la PVC, kama unaotumika majumbani na ambao mafundi wengi huufunga kwenye boti kwa sababu ndio uliopo dukani, una ganda la milimita 0.7, na ule wa 2.5 una milimita 0.8. Sindano ikijitokeza milimita 1.2 itavuka ganda la nyaya zote hizo na kufika kwenye shaba, wakati huohuo haitatokea upande wa pili wa ule mwembamba kuliko wote. Kutokea upande wa pili ni kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, maana waya unakuwa na matundu mawili, na la pili kwa kawaida liko upande ambao fundi hauoni.

Ili kina hicho kisibadilike kwa kutegemea nguvu ya mkono, taya la juu lazima liwe na kizuizi. Acha ulimi wenye upana wa milimita 2 na kimo cha milimita 1.7 kwenye uso wa taya hilo, upitishe sindano katikati yake, na ncha ijitokeze milimita 1.2 kupita ulimi. Ulimi ukishaegemea mgongo wa waya, sindano haiwezi kuendelea. Taya la chini lina mfereji wa umbo la V wenye kina cha milimita 3.2, ambao hulazimisha waya kukaa katikati hata ukiingia umekaa upande. Ukingo wa tupa ya pembe nne huchonga mfereji wa digrii 90 wenyewe, huku tupa ya pembe tatu ikitoa mfereji mwembamba mno ambao waya mnene hautaingia. Ukijumlisha 1.7 na 1.2 unapata 2.9, yaani klipu ikifungwa tupu ncha hufichika ndani ya mfereji bila kugonga sakafu yake, kwa hiyo haibutuki wala haichomi mkono ndani ya mfuko wa koti la kazi.

Mbao za kibanio cha nguo hushawishi, nami sizikatai kwa majaribio, lakini mti hunyonya unyevu na ulimi mdogo kiasi hicho hupasuka. Ubao wa plastiki wa kukatia mboga unafaa zaidi: hukatika kwa msumeno wa kawaida, haunywi maji na ni kihami kizuri. Kata vipande viwili vya urefu wa milimita 75 na unene wa milimita 10, mhimili, yaani pini ambayo taya huzungukia, ukae milimita 30 kutoka kwenye sindano, na mishikio ibaki na urefu wa kama milimita 40 nyuma yake. Kwa mhimili, spoki ya baiskeli ya milimita 2 inatosha, na katika mji wenye baiskeli nyingi kama Tanga haihitaji kutafutwa. Toboa tundu la sindano klipu ikiwa imebana waya wa wastani wa milimita 2, kwa sababu taya huzunguka kwenye mhimili, na pembe iliyonyooka klipu ikiwa wazi haitakuwa imenyooka wakati wa kutoboa.

Springi ndiyo sehemu ambayo wengi hukisia, nayo haihitaji kukisiwa. Kwanza pima nguvu inayotakiwa. Weka kipande cha waya juu ya mizani ya jikoni ya kidijitali, unganisha mita kati ya sindano na shaba ya mwisho wa waya, kisha kandamiza sindano taratibu hadi mita ioneshe kwamba zimegusana, na usome gramu. Rudia kwa ganda nene na ganda jembamba, uchukue namba kubwa. Tuseme ni gramu 500, sawa na niutoni 5 hivi. Lenga niutoni 9, ili klipu itoboe bila kusita na ibaki imeshika boti likitikisika.

Springi inayofaa ni ya kujizungusha, kama ya kibanio cha nguo. Ugumu wake kwa kila radiani ni E × d⁴ ÷ (64 × D × n), ambapo E ni ukakamavu wa chuma chenyewe, ambao kwa chuma cha springi ni takriban niutoni 200,000 kwa kila milimita ya mraba, d ni unene wa waya wa springi, D ni kipenyo cha katikati ya mzunguko, na n ni idadi ya mizunguko. Kwa waya wa milimita 1.5, kipenyo cha milimita 8 na mizunguko 5, jibu ni niutoni-milimita 395. Springi ikifungwa ikiwa tayari imekazwa digrii 40, ambazo ni radiani 0.7, inatoa karibu 276, na ukigawa kwa urefu wa taya wa milimita 30 unapata niutoni 9.2. Kuifungua digrii 25 zaidi kunatoa mwanya wa milimita 13 kwenye taya na kunahitaji kama niutoni 11 kwenye mishikio, yaani uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja, jambo ambalo kidole gumba hulimudu. Angalia kwamba unene wa waya umepandishwa kwa kipeo cha nne: ukitumia waya wa milimita 1.2 badala ya 1.5, nguvu kwenye taya hushuka hadi niutoni 3.8, na klipu itakwaruza ganda tu.

Waya wa springi usioshika kutu una ugumu pungufu kidogo kuliko chuma cha kawaida cha springi, lakini kwa hewa ya pwani ningeuchagua huo. Ukiuzungusha mwenyewe, tumia fimbo nyembamba kuliko kipenyo cha ndani unachotaka, kwa maana waya ukiachiwa hulegea na kupanuka, na vaa miwani. Uelekeo wa mizunguko uwe ule ambao kufungua klipu kunaikaza springi zaidi.

Kwenye waya wa kwenda kwenye mita, karibu kabisa na konekta, ungia rezista (kipande kinachopunguza umeme unaopita) ya kilo-omu 10 ya robo wati. Mita ya kidijitali ya kawaida ina ukinzani wa megaomu 10, kwa hiyo rezista hiyo hupunguza usomaji wa volti kwa sehemu moja ya elfu, kiasi ambacho fundi hakioni. Faida yake ni kwamba ncha ya mita ikigusa bodi ya gari kwa bahati mbaya, umeme utakaopita kwa volti 12 ni miliampea 1.2, badala ya ampea nyingi kupita kwenye sindano na kuchoma ganda. Gharama yake ni kwamba klipu haitawasha taa ya majaribio wala haitapima omu ndogo kwa usahihi, na hiyo si hasara, kwa kuwa ncha ndogo kiasi hiki haikukusudiwa kubeba mzigo.

Hapo ndipo penye mtego wa kutafsiri vipimo. Mita hunywa umeme kidogo mno kiasi kwamba waya ulioliwa na chumvi hadi kubakiwa na uzi mmoja bado utaonesha volti 12 kamili. Pima huku taa au pampu imewashwa. Taa ya wati 55 huvuta takriban ampea 4.6, kwa hiyo mahali palipoharibika penye ukinzani wa omu 0.2 patapoteza karibu volti 0.9. Banisha klipu upande mmoja wa sehemu unayoishuku, kisha upande wa pili, na ulinganishe. Kabla ya kubanisha, pinda waya kidogo kwa vidole: ganda likitoa mlio au kuonesha nyufa, limezeeka na halitajifumba, basi tafuta mahali pengine.

Tundu huzibwa siku hiyohiyo, waya ukiwa mkavu. Silikoni inayonuka siki haifai, kwa sababu asidi yake hula shaba. Tumia ile isiyo na harufu hiyo, tone moja likisambazwa kwa kidole, na tepu ifuate baada ya silikoni kukauka. Rangi ya kucha hupasuka waya ukipindwa.

Mara ya kwanza, jaribu klipu na kizibo chako kwenye kipande cha waya kisicho na kazi. Toboa katikati, tumbukiza sehemu iliyotobolewa kwenye glasi ya maji ya bahari huku ncha zote mbili zikiwa nje, kisha weka ncha moja ya mita kwenye shaba na nyingine ndani ya maji, mita ikiwa kwenye kipimo cha megaomu. Pinda waya ndani ya maji ili tundu lifunguke. Kwa kawaida namba zitaonekana na zitakuwa zikihamahama, ishara kwamba maji yamefika kwenye shaba. Chukua kipande kingine, kitoboe, kizibe, kiache hadi siku ya pili na ukipime vivyo hivyo: mita ikibaki inaonesha kwamba hakuna njia hata waya unapopindwa, sindano na kizibo vinafaa kwenda kwenye boti. Ikionesha namba yoyote, punguza unene wa sindano kwanza kabla ya kubadilisha silikoni.