Kabla Hujafungua Gundi: Maandalizi ya Kuunda Modeli ya Zamani ya Ndege ya Kivita

Seti ya plastiki ya kuunda ndege ya kivita iliyotoka kiwandani mwaka huu haina matata: unafungua boksi, unasoma maelekezo, unaanza. Seti ya mwaka 1965 au 1978 ni jambo jingine. Imepitia miaka mingi ya joto na unyevu, imehamishwa kabati hadi kabati, na pengine kuna mtu aliyeanza kuikata akaiacha njiani. Sehemu kubwa ya kazi yake iko kabla ya gundi. Ukiruka maandalizi, kasoro utaziona wakati nusu mbili za kiwiliwili zimeshashikana na huwezi tena kufika ndani.

Anza kwa kuamua kama seti hiyo iundwe au itunzwe. Seti ambayo nailoni yake ya kiwandani haijachanwa ina wakusanyaji wanaoitafuta, na ukishaichana, thamani hiyo hairudi. Kwa hiyo ulizia kwanza kama kalibu yake, yaani umbo la chuma ambamo plastiki humiminwa, ilitumika tena baadaye. Kalibu za chuma huishi muda mrefu na hubadili wamiliki. Kampuni ya Frog ya Uingereza ilipofunga kazi miaka ya 1970, kalibu zake nyingi zilikwenda Umoja wa Kisovieti, na ndege zilezile zikatoka kwa jina la Novo. Kalibu za ndege za Ujerumani na Japani Wasovieti hawakuzitaka, zikaangukia kwa kampuni ya Revell. Monogram ya Marekani nayo iliunganishwa na Revell mwaka 1986, ndiyo maana ndege nyingi za Monogram zinapatikana leo ndani ya maboksi ya Revell. Kama unachotaka ni kuunda tu, toleo la baadaye lenye dekali (alama za kubandika) mbichi litakufaa zaidi, na lile la kwanza umwachie mkusanyaji. Kwa maoni yangu, seti bora ya kuunda ni ile iliyokwisha kufunguliwa, yenye boksi lililopondeka, ambayo hakuna mkusanyaji anayeitazama mara mbili. Hiyo ilitengenezwa iundwe, na inastahili kuundwa.

Zipo za kuacha kabisa. Frog Penguin, zilizoanza mwaka 1936 na ndizo seti za kwanza za plastiki katika skeli ya 1/72 (modeli ni ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), hazikutengenezwa kwa polistirini kama za baadaye bali kwa selulosi asetati. Plastiki hiyo hujikunja inapozeeka, na gundi ya kawaida ya modeli haiishiki vizuri. Ukibahatika kuipata, itunze.

Ukishaamua kuunda, tandika kitambaa cheupe mezani, utoe kila kitu ndani ya boksi, halafu upitie karatasi ya maelekezo namba kwa namba ukiweka alama kwenye kila kipande ulichokiona. Vipande vya seti za zamani hubanduka kwenye fremu zake, na vinavyopotea ni vile vidogo: panga za propela, mitutu ya bunduki, milango ya magurudumu. Kipande cha kawaida kilichopotea unaweza kukichonga kwa karatasi ya plastiki. Kioo cha chumba cha rubani ni habari nyingine, kwa hiyo kitafute kwanza na ukikague kwenye mwanga. Mikwaruzo midogo huondoka kwa msasa laini sana wa maji, ukimalizia na dawa ya kung'arishia plastiki. Ufa hauondoki. Ikiwa kioo kimepasuka, tafuta cha kubadilishia kabla hujafanya lolote lingine, kwa sababu jicho la mtazamaji huenda hapo kwanza. Na kwa kuwa karatasi yenyewe ya maelekezo imechakaa, ipige picha au uitoe nakala, nakala hiyo ndiyo uichafue.

Kuna kitu kimoja ninachokitafuta haraka kuliko vyote, nacho ni tairi za vinili. Baadhi ya seti za zamani zina tairi nyeusi laini zinazovalishwa kwenye rimu za plastiki. Vinili hupewa ulaini wake na kemikali isiyotulia. Mwaka baada ya mwaka kemikali hiyo huhama kutoka kwenye tairi na kuingia kwenye polistirini inayogusana nayo, ikaiyeyusha polepole. Ndipo unapofungua boksi na kukuta duara lililochimbika juu ya bawa, limeshika hata mistari ya kashata za tairi, na pembeni plastiki inanata. Ukiona dalili hiyo, ondoa tairi, osha sehemu iliyoathirika, iache ikauke hadi isinate tena, kisha ujaze shimo kwa puti. Ikiwa ni kioo kilicholiwa, kimekwisha. Hata tairi zikiwa salama hadi leo, sipendekezi kuzitumia, kwa sababu kazi hiyohiyo ya kuyeyusha itaendelea kwenye rimu baada ya modeli kukamilika, na siku moja mguu utakatika. Tafuta magurudumu ya rezini au ya plastiki ngumu ya kipimo hichohicho.

Mabawa yaliyopinda yasikutishe. Yaloweke kwenye maji ya moto yasiyochemka, yanyooshe taratibu kwa vidole, kisha uyatie kwenye maji baridi yakiwa yamenyooka. Mengine, kama ukingo mwembamba wa plastiki iliyovuja pembeni mwa kalibu, au vishimo ambapo plastiki ilisinyaa, ni kazi ya kisu, msasa na puti tu.

Osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili plastiki itoke bila kung'ang'ania, na mafuta hayo pamoja na vumbi la miaka mingi huzuia rangi kushika. Suuza, acha zikauke zenyewe.

Sasa dekali, yaani zile alama za kubandika kwa maji. Hapa usiwe na haraka, kwani hakuna sehemu ya seti ya zamani inayozeeka vibaya kama hii. Kabla ya kuzigusa, zitoe nakala kwenye skana zikiwa na rula pembeni, ili zikiharibika uweze kuzichapisha upya kwa kipimo sahihi. Kisha zikague. Kwenye alama za duara za taifa la ndege, je, chapa nyekundu ya katikati imekaa katikati kweli, au imehama upande mmoja wa duara? Kasoro hiyo ya uchapaji ilikuwa ya kawaida na haina dawa. Nunua dekali nyingine. Kama tatizo ni unjano tu, weka karatasi ya dekali ndani ya mfuko wa plastiki angavu uliofungwa, ubandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua. Baada ya siku kadhaa, wakati mwingine wiki kadhaa, unjano hupungua. Zikague mara kwa mara, maana jua hilohilo laweza kufifisha rangi za alama zenyewe.

Baada ya hapo fanya jaribio. Chagua alama usiyoihitaji, kwa mfano namba ya ndege ya kikosi kingine iliyochapishwa kwenye karatasi hiyohiyo, uitie kwenye maji ya uvuguvugu. Ikiteleza nzima, una bahati. Ikikatika vipande kama ngozi inayobanduka, usiguse nyingine yoyote kabla ya kuipaka karatasi nzima vanishi ya dekali. Microscale wanatengeneza moja kwa kazi hii. Ikikauka, karatasi yote inakuwa na ngozi moja mpya, kwa hiyo kila alama utaikata kwa mkasi kuizunguka karibu na ukingo wake. Jaribu pia maji ya kulainishia dekali kama Micro Sol kwenye ile alama ya majaribio, kwa sababu dekali nyingine za zamani hujikunja zikiguswa nayo na hazinyooki tena.

Fikiria nafasi na skeli kabla hujavutiwa na mchoro wa boksi. Spitfire yenye mabawa ya mita 11.23 huwa na upana wa sentimita 15.6 katika 1/72 na karibu sentimita 23.4 katika 1/48. B-17G, ambayo Monogram iliitoa katika 1/48 miaka ya 1970, hufikia takriban sentimita 66 kutoka ncha hadi ncha. Seti nyingi za miaka ya 1950 hazifuati skeli yoyote ya leo, kwa kuwa ndege ilipunguzwa hadi itoshee kwenye boksi. B-29 ya Revell ilikuwa 1/135. Ukitaka ndege zako zote zikae pamoja zikilingana, hesabu hiyo ifanywe mapema.

Halafu kuna suala la usahihi. Seti ya zamani inabeba kile kilichojulikana wakati wake, na pengine kile kilichokisiwa. Kampuni ya Testors ilitoa modeli ya F-19 mwaka 1986, ndege isiyoonekana kwa rada jinsi watu walivyoidhania. F-117 halisi ilipoonyeshwa hadharani Novemba 1988, haikufanana nayo hata kidogo. Amua kama utasahihisha makosa au utaiacha seti iseme ya wakati wake. Uamuzi huo unahusu hasa mistari ya paneli na ribiti, ambazo kwenye seti nyingi za zamani zimeinuka juu ya plastiki badala ya kuchimbwa. Wapo wanaoisugua yote na kuichonga upya. Mimi naona ribiti za Monogram zilizoinuka zina uzuri wake zikipakwa rangi vizuri, na ni hasara kuziondoa. Ukiamua kuziacha, bandika utepe pande zote mbili za kila kiungo utakachosugua, ili msasa usile kingine zaidi ya mshono.

Andaa rangi kwa namba, usitegemee majina. Maelekezo ya zamani hutaja rangi za mtengenezaji ambazo huenda haziuzwi tena, au husema tu "kijani". Kwa ndege za Marekani tafuta namba za FS 595, orodha ya rangi ya serikali ya Marekani, zenye tarakimu tano: ya kwanza inaeleza mng'ao (1 inang'aa, 2 nusu, 3 haing'ai) na ya pili kundi la rangi, kwa mfano 4 kijani na 6 kijivu. Hivyo 36231 ni kijivu kisichong'aa hata kabla hujafungua kopo. Kwa ndege za Ujerumani za vita vya pili tumia namba za RLM, yaani za wizara ya anga ya Ujerumani ya wakati huo. Kopo la rangi au mrija wa gundi uliokuja ndani ya boksi la zamani usiutumie. Chumba kiwe na madirisha wazi unapotumia gundi ya plastiki na rangi za mafuta, na msasa utumie na maji ili vumbi lisiruke. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe. Mvuke wa supaglu huvifunika kwa ukungu mweupe.

Jambo la mwisho linahusu ndege zenye gurudumu la mbele: P-38, P-39, B-25, Me 262. Modeli zake huanguka kwa mkia zisipowekewa uzito puani, na boksi mara nyingi halina uzito wenyewe. Unganisha ndege nzima kwa utepe bila gundi, iegemeze juu ya ukingo wa rula mahali magurudumu makuu yatakapokuwa, kisha uweke chubwi moja moja juu ya pua hadi iiname. Ongeza kidogo kwa ajili ya rangi na vipande vya mkia ambavyo bado hujavifunga. Chubwi zikiwa za risasi, zishikilie kwa epoksi, kamwe si kwa gundi nyeupe, kwa sababu asidi ya gundi hiyo huila risasi, nayo huvimba ndani ya kiwiliwili na kukipasua baada ya miaka. B-25 yenye pua ya kioo haina pa kuficha uzito mbele, kwa hiyo gawanya chubwi nyuma ya ukuta wa chumba cha rubani na ndani ya maganda ya injini, mbele ya magurudumu. Nawa mikono baada ya kushika risasi, kisha uandike kiasi ulichopata kwenye ile nakala ya maelekezo, pembeni mwa hatua ya kufunga kiwiliwili.