Mkutano wa Athens chini ya mbuyu: kuendesha somo la demokrasia kwa dakika 80

Kwa darasa la wanafunzi 60 andaa vigae 60 vya vyungu vilivyovunjika, misumari kumi, njugu mawe nyeupe 50 na nyeusi 10, mifuko kumi ya kitambaa na chupa ya lita 1.5. Karatasi acha ofisini. Upepo wa Dodoma utapeperusha kura kabla hujahesabu, na Athens, mji wa Ugiriki ya kale, hata hivyo waliandika kwenye vigae.

Gawa wanafunzi sita sita, makundi kumi, kama kiongozi wa Athens, Cleisthenes, alivyogawa raia mwaka 508 KK. Kila mfuko utie njugu tano nyeupe na moja nyeusi. Atakayetoa nyeusi anaingia barazani. Athens kila kundi lilitoa watu 50, jumla 500, kwa bahati nasibu. Waeleze kuwa neno letu "kura" lenyewe lilianza na maana hiyo, kabla ya masanduku na karatasi. Uchaguzi wa kupendekeza jina waliwawekea hasa majemadari. Njugu ziwe za ukubwa mmoja, la sivyo vidole vitachagua.

Saa ya maji, ya kupima muda wa wasemaji: toboa chupa karibu na kitako kwa msumari, ijaze, pima inavyoisha. Kifuniko kiwe wazi. Kikifungwa maji yanasita. Usiweke nusu chupa ukidhani ni nusu ya muda, maana maji hutoka kwa kasi yakiwa juu na hulegea yanaposhuka.

Hoja ni ya mwaka 483 KK: madini ya fedha yamepatikana machimbo ya Laurion, karibu na Athens. Kila raia apewe drakma (sarafu za fedha) kumi, au zijengwe meli za vita? Kabla ya kura toa wanafunzi 40 nje ya duara: hao ni wanawake, watumwa na wageni, ambao Athens hawakupiga kura. Watalalamika. Waache walalamike, usiharakishe. Matokeo halisi (meli, zilizopigana na Waajemi huko Salamis mwaka 480 KK) yataje baada ya kura tu.

Mwisho, kura ya kufukuza mtu mjini kwa miaka kumi. Warudishe wote, ila waandike jina la mmoja wa wanasiasa wa Athens, Aristides, Themistocles au Cimon, pekee. Ukiruhusu majina ya wenzao, anayeonewa darasani ndiye atakayefukuzwa. Athens akidi ilikuwa vigae 6,000. Wewe weka 30. Ukihesabu, linganisha miandiko: karibu na Acropolis, kilima cha Athens, kilichimbuliwa kisima chenye vigae 190 hivi vya Themistocles, vilivyoandikwa na mikono 14 tu.