Pima pawa saplai ikiwa na mzigo
Wengi hujaribu pawa saplai ya kompyuta, yaani kifaa kinachoipa umeme, kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Feni ikizunguka, wanasema ni nzima. Hapo umejua tu kwamba inawaka. Ubovu mwingi hujitokeza ikibebeshwa mzigo, yaani ikitoa umeme mwingi, kwa hiyo iache ndani ya kompyuta, fungua gemu nzito, kisha pima kwa maltimita (kifaa cha kupimia umeme) waya wa njano na mweusi. Volti 12 ya waya wa njano isishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6; waya mwekundu na mweusi, iwe volti 4.75 hadi 5.25. Ikitoka nje ya hapo, badilisha. Tafadhali usiifungue: kapasita zake (vijisehemu vinavyohifadhi umeme) hubaki na umeme hatari hata ukichomoa. Ukinunua nyingine, tafuta alama ya 80 Plus, yaani angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani hufika kwenye vifaa.