Simu ya Ofisini Isiyo na Waya na Hedseti Inayopatana Nayo

Katika ofisi nyingi za Mji Mkongwe, hasa za watembeza wageni na nyumba za kulala wageni, anayepokea simu ndiye huyohuyo anayeandika daftari, anayekabidhi funguo na anayepanda ghorofani kuonesha vyumba. Mtu wa namna hiyo hufaidika sana na simu isiyo na waya, lakini faida hiyo hupotea ikiwa hedseti, yaani kisikizi cha kichwani chenye kipaza sauti, imenunuliwa kwa kupendeza kwake tu. Nashauri uijue kwanza simu yenyewe, ndipo uende dukani.

Simu hii ina sehemu mbili: kitako, kinachounganishwa na laini na kuchomekwa kwenye umeme, na mkonga unaobebwa. Nyingi huwasiliana kwa DECT, mfumo wa redio wa simu zisizo na waya, ambao Ulaya hutumia masafa ya megahezi 1880 hadi 1900, ilhali zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia 1920 hadi 1930. Kwa hiyo mkonga ulioletewa na ndugu kutoka Marekani hautasikilizana na kitako cha Ulaya, hata nembo zikiwa moja. Chaja yake nayo, ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, itaungua ikichomekwa katika umeme wetu wa volti 230.

Ili kuuandikisha mkonga mpya, bonyeza na ushikilie kitufe cha kitako mpaka taa imwekemweke, kisha uchague uandikishaji kwenye menyu ya mkonga na uingize namba ya siri, ambayo mara nyingi ni 0000. Tumia betri za kuchaji zilizotajwa na mtengenezaji tu. Betri kavu za kawaida zikiwekwa humo, kitako kitajaribu kuzichaji, nazo zinaweza kuvuja au kupasuka.

Pahala pa kuweka kitako panahitaji fikra zaidi kuliko watu wanavyodhani. Watengenezaji hutaja mita 50 ndani ya jengo na 300 mahali pa wazi, lakini vipimo hivyo havikuwazia kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo katika nyumba zetu za zamani hufikia unene wa nusu mita na zaidi. Kiweke juu, karibu na ngazi au upande wa uwanja wa ndani, mbali na kabati la chuma na jokofu, kisha tembea na mkonga chumba kwa chumba huku mwenzako akizungumza nawe. Ikiwa simu ina hali ya kupunguza nguvu za redio, izime, kwani katika nyumba ya mawe hali hiyo hukata mazungumzo mlangoni tu.

Sasa hedseti. Tazama ubavu wa mkonga: ukikuta tundu dogo la milimita 2.5, hedseti ya simu ya kiganjani yenye pini ya milimita 3.5 haitaingia bila adapta. Niliwahi kununua mbili kwa pamoja bila kupima, zikakaa kabatini mwaka mzima, na tangu hapo sinunui kabla ya kuuchukua mkonga hadi dukani na kupiga simu ya majaribio. Hata pini ikiingia, hesabu mistari myeusi iliyo juu yake. Pini ya milimita 3.5 yenye mistari miwili kwa kawaida haina njia ya kipaza sauti, hivyo utamsikia mteja naye asikusikie, ingawa ile ya milimita 2.5 ya hedseti za simu huwa nayo hata kwa mistari miwili. Yenye mistari mitatu inayo, ila mpangilio wa njia zake hutofautiana baina ya watengenezaji, na ukikosewa sauti hufifia au huvuma.

Hedseti ya Bluetooth hufaa pale tu mkonga wenyewe una Bluetooth ya mazungumzo, na umbali wake, kiasi cha mita 10, hupimwa kutoka kwenye mkonga wala si kwenye kitako. Ukiuacha mkonga mapokezini ukapanda juu, umeachana na mteja wako. Kwa anayepanda na kushuka ngazi, mimi huipendelea hedseti ya waya, mkonga ukiwa umebanwa kiunoni: ni ya bei nafuu, na haina betri ya pili ya kukumbuka.

Hedseti zenye kitako chao cha DECT hufika mbali zaidi, lakini nyingi zimekusudiwa simu ya mezani, na ili upokee simu ukiwa mbali huhitaji waya maalumu wa modeli ileile ya simu au kifaa cha kunyanyulia mkonga. Muulize muuzaji jina la modeli, usiridhike na jibu kwamba inaingia zote.

Mwisho, umeme ukikatika kitako huzima na mikonga yote hunyamaza, ijapokuwa betri zake zimejaa. Kiunganishe kitako, pamoja na ruta ikiwa laini yako hupitia intaneti, kwenye UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya akiba, na uache simu moja ya waya kwenye laini ya kawaida ikiwa bado unayo. Kwa ofisi zilizo karibu na bahari, futa vibati vya chuma vya kuchajia kwa kitambaa kikavu kila wiki, kwa sababu chumvi ya hewani huvijengea kutu na mkonga huonekana umekaa kwenye chaja kumbe hauchaji.