Programu ya stoo ya spea kwa Python na SQLite

Chukua duka la spea kwenye Barabara ya Kirinyaga, lenye aina mia tatu hivi za bidhaa na daftari lililochakaa. Programu yake haihitaji intaneti wala seva. Python yatosha: SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, imo ndani yake, na Tkinter ya kuchora madirisha huja nayo kwenye Windows. Kwenye Ubuntu iongeze kwa `sudo apt install python3-tk`.

Usianze na dirisha, hata kama ndilo linalovutia. Anza na majedwali:

```
CREATE TABLE spea (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  bei_senti INTEGER NOT NULL,
  idadi INTEGER NOT NULL CHECK (idadi >= 0));
CREATE TABLE mauzo (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  spea_id INTEGER NOT NULL REFERENCES spea(id),
  idadi INTEGER NOT NULL,
  simu TEXT, mahali TEXT,
  saa TEXT DEFAULT (datetime('now','localtime')));
```

Bei ni senti nzima: shilingi 1,250.50 huandikwa 125050. Ukitumia REAL (namba za desimali), 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na hesabu ya jioni itakusumbua. Simu ni TEXT kwa sababu INTEGER humeza sifuri ya mwanzo. Usiweke CURRENT_TIMESTAMP kwenye saa: hiyo ni UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, kwa hiyo mauzo ya saa nne asubuhi Nairobi yataandikwa 07:00.

Sasa klasi, yaani vifungu vya programu vinavyobeba data na kazi zake. Tatu zatosha. `Spea` hubeba habari za bidhaa moja. `Stoo` peke yake ndiyo inayojua SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata. `Dirisha` huonyesha, hupokea mibonyezo na kuikabidhi Stoo kazi. Ukikuta neno SELECT kwenye faili la Dirisha, mpaka umevunjwa. Ukiulinda, utaijaribu Stoo bila dirisha lolote kwa `Stoo(":memory:")` (iundie majedwali kwanza), nayo hufutika ikifungwa.

```
import sqlite3

class Stoo:
    def __init__(self, faili):
        self.con = sqlite3.connect(faili)
        self.con.execute("PRAGMA foreign_keys = ON")

    def uza(self, spea_id, idadi, mahali):
        with self.con:
            self.con.execute("UPDATE spea SET idadi = idadi - ? WHERE id = ?",
                             (idadi, spea_id))
            self.con.execute("INSERT INTO mauzo (spea_id, idadi, mahali) VALUES (?, ?, ?)",
                             (spea_id, idadi, mahali))
```

Mstari wa PRAGMA si pambo. Kwa kawaida SQLite haikagui kama spea_id ipo kweli. Lazima uiambie kila unapofungua faili.

`with` huzifunga amri mbili pamoja: zote zipite au zote zifutwe. Stima ikipotea katikati, stoo haipungui bila mauzo kuandikwa. Mtu akiuza plagi tano na zimebaki tatu, CHECK hukataa, Python hutoa IntegrityError, na Dirisha huidaka na kuionyesha kwa `messagebox.showerror`. Bila `with`, ukasahau `commit()`, data itaonekana kwenye skrini mchana kutwa, kisha itatoweka ukifunga programu.

Alama za `?`, nafasi ambazo Python hujaza thamani yenyewe, ndizo wengi hupuuza mpaka mteja wa Lang'ata aje. Ukiunganisha maneno mwenyewe, SQL huwa `VALUES ('Lang'ata')`; alama ya ' kwenye ng' hufunga maneno mapema na unapata `near "ata": syntax error`. Mwenye nia mbaya angepenyeza SQL yake mahali hapo. Thamani ikiwa moja, usisahau koma: `(mahali,)`. Ukiandika `(mahali)`, Python huona herufi moja moja na kulalamika kwamba imepewa thamani 8 badala ya 1.

Usinakili faili la data programu ikiwa inaandika, tumia `con.backup()` kuelekea flashi. Wala usiliweke kwenye folda ya mtandao ili kaunta mbili zilitumie, maana kufuli za faili huko haziaminiki. Hapo hamia PostgreSQL, hifadhidata yenye seva yake: Stoo na majedwali ndivyo vitakavyoandikwa upya, `?` zikigeuka `%s`, na Dirisha halitaguswa ila pale linapodaka IntegrityError.