Kutambua aina ya udongo mwekundu wa Muheza: mandhari, maabara na mvua, hatua kwa hatua

Nimemaliza kumsaidia kijana wa chuo aliyepewa kazi ya kutambua aina ya udongo wa shamba la michungwa karibu na Muheza. Majibu ya maabara alikuwa nayo, ramani alikuwa nayo, takwimu za mvua alikuwa nazo, na bado vitu hivyo vitatu vilikuwa vinapingana. Karatasi ya maabara ilisema huu ni udongo wenye umri mdogo, mandhari yote inayouzunguka ikasema ni mkongwe. Mwongozo huu ni kwa aliyekwama hapo. Mimi ni fundi wa maabara, hivyo utaona nimekaa zaidi mezani kuliko shambani.

Natumia WRB, mfumo wa kimataifa wa kutaja aina za udongo. Chagua toleo moja ulishike mwanzo hadi mwisho, maana mipaka hubadilika. Kwa mfano, toleo la 2006 lilitaka mfinyanzi (chembe ndogo kuliko zote za udongo) wa tabaka la chini uwe mara 1.2 ya ule wa juu ili uhesabike umeongezeka, na tangu 2014 kiwango ni mara 1.4 kwa udongo wenye mfinyanzi wa asilimia 10 hadi 50.

Hatua ya 1: Soma mandhari kabla ya kushika jembe

Ukitoka baharini Tanga kwenda Amani unakanyaga mawe ya matumbawe, kisha chokaa ya kale kama ile ya mapango ya Amboni, kisha nchi ya miamba ya gneisi kuzunguka Muheza, halafu unapanda ukingo wa Usambara Mashariki. Udongo mwekundu wa juu ya chokaa na ule wa juu ya gneisi unaweza kufanana rangi kabisa na bado tabia zao zikawa mbali. Kwa hiyo andika mwamba kwanza, rangi baadaye.

Kisha angalia mteremko. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, ndiye aliyeandika mwaka 1935 kwamba udongo wa kilele, wa ubavu na wa bondeni usomwe kama mnyororo mmoja, akauita katena. Mpaka leo sijaona njia bora. Juu, maji yanakochuruzika vizuri, chuma hubaki kama oksidi na udongo huwa mwekundu. Ukishuka unageuka kahawia au manjano, na bondeni, maji yanakotuama, unakuta kijivu au ile mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi. Chimba mashimo matatu, moja kila sehemu. Shimo moja halitambui udongo wa shamba.

Kwa mwinuko tumia data ya SRTM ya mita 30, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, ndani ya programu ya ramani ya QGIS, vyote ni bure. Usitegemee mwinuko wa GPS ya simu. Ila kumbuka kwamba rada ya SRTM ilipima Februari 2000, na penye msitu mnene kama Amani ilipiga karibu na vichwa vya miti badala ya ardhi. Kwenye mashamba ya Muheza tatizo hilo ni dogo.

Na uulize wenyeji. Kijana wangu alikuwa ameshaweka alama mahali pazuri kwa macho, pametulia, jirani na njia. Akaja bibi mwenye shamba.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Hapo usichimbe. Zamani palimwagwa makapi ya mkonge kutoka korona, ndiyo maana hata majani yake mabichi.”

Korona ni kiwanda cha kuchakata mkonge, na makapi ya mkonge yana kalsiamu nyingi. Shimo lingechimbwa pale, pH (kipimo cha tindikali) na besi (kalsiamu na wenzake) zingekuja juu, na shamba zima lingepewa sifa ya jalala.

Hatua ya 2: Shimo

Kina cha mita 2 kama mwamba unaruhusu, uso wa kusoma uelekee jua. Chukua sampuli ukianzia tabaka la chini kwenda juu ili vumbi la juu lisichafue la chini. Rangi isomwe kwa kitabu cha rangi cha Munsell, udongo ukiwa na unyevu na tena ukiwa mkavu. Oga, kile chombo cha kutoboa udongo, itakusaidia kukagua mipaka kati ya mashimo, lakini usitoe jina la udongo kwa oga peke yake, kwa kuwa inavuruga muundo, na muundo ndio utakaokutenganishia aina mbili huko mwisho.

Hatua ya 3: Kausha na chekecha

Kivulini, kisha chekecheo la milimita 2.

Hatua ya 4: Mfinyanzi

Hapa ndipo kazi ya kijana ilipokwama, na ndipo ninapoona watu wengi wakipoteza aina ya udongo bila kujua. Asilimia ya mfinyanzi si namba moja tu kati ya nyingi. Karibu kila kigezo cha kuutaja udongo mwekundu kinagawanywa kwa hiyo. Ikikosewa, hesabu zote zinazofuata zinakosewa.

Tatizo ni hili. Kwenye udongo mkongwe wa kitropiki, oksidi za chuma hugandisha chembe za mfinyanzi kuwa vidonge vidogo vigumu sana. Ndani ya silinda vidonge hivyo huzama upesi kama mchanga au silti, ile chembe ya ukubwa wa kati. Haidromita, kile kipimo kinachoelea ndani ya silinda, haijui tofauti. Inakuletea mfinyanzi pungufu, na karatasi inasema “tifutifu kichanga” kwa udongo ambao ni mfinyanzi mtupu.

Kabla ya kuamini karatasi, tumia kiganja. Chukua donge la ukubwa wa yai la kuku, loanisha kidogo kidogo, kanda. Mwanzoni utahisi punje, kama unakanda mchanga laini. Usiache. Endelea kukanda dakika kadhaa, ongeza tone la maji, ukande tena. Kama punje zinayeyuka mkononi, donge linaanza kunata na sasa unaweza kulivuta kuwa utepe mrefu bila kukatika, basi ulichokihisi mwanzo hakikuwa mchanga. Andika hali zote mbili, ya mwanzo na ya baada ya kukanda. Mkono ukisema mfinyanzi na karatasi ikisema tifutifu, rudi mezani.

Mezani mambo ya kuzingatia ni haya. Kwanza, usitumie udongo uliokaushwa kwa oveni, maana joto la nyuzi 105 linazidi kukaza vile vidonge. Tumia uliokauka kwa hewa, na unyevu wake upime kwenye sampuli ya pembeni. Pili, dawa ya kutawanya, yaani kalgoni iliyochanganywa na sodiamu kaboneti, iwe mpya. Ikikaa kwenye chupa wiki nyingi fosfeti yake huvunjika na nguvu hupungua. Tatu, na hapa sibadilishi msimamo, tikisa usiku kucha kwenye mashine ya kutikisa. Kile kikorogeo cha umeme cha dakika tano kinatosha kwa udongo wa mbuga, kwa mwekundu hakitoshi.

Nne, muda wa kusoma. Maabara nyingi husoma haidromita sekunde ya 40 na baada ya masaa 2. Lakini chembe ya maikromita 2, ambayo ndiyo mpaka wa mfinyanzi, huhitaji takriban masaa 8 kushuka sentimita 10 kwenye maji ya nyuzi 20. Ukisoma baada ya masaa 2 bado silti nyembamba inaelea na unaihesabu kama mfinyanzi. Yaani una kosa moja linalopunguza mfinyanzi na jingine linaloongeza, na yanaweza kufichana mpaka namba ikaonekana nzuri. Mimi nasoma baada ya masaa 8. Vyumba vyetu vya Tanga vina joto, na maji ya nyuzi 30 huharakisha kuzama, hivyo hapo masaa 6 na nusu hivi yanatosha. Weka pia silinda tupu yenye maji na kalgoni peke yake, kando ya zile nyingine, chumba hicho hicho, na usomaji wake uutoe kwenye kila usomaji. Hiyo inasahihisha kalgoni na joto la kimiminika kwa mpigo mmoja. Ukiwa na pipeti, tumia pipeti na uachane na haidromita.

Tano, hakiki. Omba maabara ikupimie maji yanayobaki kwenye udongo kwa mgandamizo wa kilopaskali 1,500, kile kiwango ambacho mmea hunyauka. Gawanya asilimia hiyo ya maji kwa asilimia ya mfinyanzi. Jibu likifika 0.6 au zaidi, mfinyanzi haukutawanyika vya kutosha. Hapo mfumo wa Marekani wa kutaja udongo una kanuni nzuri ya kukadiria: toa kaboni ya mboji kwenye asilimia ya maji, zidisha kwa 2.5.

Tuchukue namba za mfano. Tabaka la chini lina uwezo wa kubadilishana kationi, yaani wa kushika virutubisho kama kalsiamu (maabara huandika CEC), wa 7.2, mfinyanzi umeandikwa 32, maji kwa kilopaskali 1,500 ni 21, kaboni ni 0.5. Kwa karatasi ilivyo, CEC kwa kilo ya mfinyanzi ni 7.2 gawanya kwa 0.32, sawa na 22.5. Kigezo cha tabaka feraliki, yaani tabaka lililochakaa sana la udongo mkongwe, ni chini ya 16, hivyo limefeli. Sasa hakiki: 21 kwa 32 ni 0.66, limezidi 0.6. Mfinyanzi unaokadiriwa ni 2.5 mara 20.5, yaani kama 51. CEC kwa kilo ya mfinyanzi inakuwa 14. Limefaulu. Udongo ule ule, shimo lile lile, majina mawili tofauti.

Wapo wanaoondoa oksidi za chuma kwa kemikali kabla ya kupima. Kwa kazi ya kutoa jina sipendi njia hiyo. Oksidi hizo ni sehemu ya udongo wenyewe.

Ukiwa bado na silinda mezani, rudia sampuli moja bila kalgoni, maji peke yake. Asilimia utakayopata ni mfinyanzi unaotawanyika kwa maji, na utauhitaji hatua ya mwisho.

Hatua ya 5: Kemia

pH ipimwe kwa maji na kwa myeyusho wa chumvi ya KCl. Ya KCl kwa kawaida huwa chini. Ikilingana na ya maji au ikaizidi, udongo umechakaa sana. CEC iwe ya amonia aseteti kwa pH 7, kwa sababu vigezo vimetungwa kwa njia hiyo. Fosforasi: njia ya Bray 1 kwa udongo wenye tindikali, njia ya Olsen kwa ule wa juu ya chokaa. Kaboni iliyopimwa kwa njia ya Walkley na Black uliza kama imeshazidishwa kwa 1.3 au bado.

Angalizo kwa mashamba yaliyokuwa ya mkonge: miaka mingi ya kuvuna bila kurudisha mbolea hushusha pH na besi za tabaka la juu. Ukitaka tabia ya asili, tazama tabaka za chini.

Hatua ya 6: Mvua

Jumla ya mwaka inadanganya. Tunataka mwezi kwa mwezi, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, kwa miaka 30 au zaidi. Kama huna data ya kituo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, data ya mvua ya setilaiti iitwayo CHIRPS inaanzia 1981. Lakini mraba wake ni wa kilomita 5 hivi, na chini ya Usambara kilomita 5 zinaweza kubeba tambarare na mlima pamoja. Linganisha mvua ya kila mwezi na nusu ya maji yanayoweza kuvukizwa mwezi huo. Miezi inayozidi ndiyo msimu wa kuotesha kwa hesabu ya FAO.

Usitumie mvua ya leo kuthibitisha kwamba udongo ni mkongwe. Udongo huu umechukua muda mrefu kuliko hali ya hewa tunayoipima. Mvua itakueleza mchungwa utapata maji lini.

Hatua ya 7: Toa jina

Fuata ufunguo wa WRB, yaani orodha yake ya maswali ya kufikia jina, kwa mpangilio wake. Nitisoli (udongo wa mfinyanzi wenye madonge yanayong'aa) huulizwa kabla ya Feralsoli (udongo mkongwe wenye tabaka feraliki): tafuta madonge yenye nyuso zinazong'aa, mfinyanzi wa asilimia 30 au zaidi, na silti isiyofika 0.4 ya mfinyanzi. Kama sivyo, na una tabaka feraliki ndani ya sentimita 150, angalia kama mfinyanzi unaongezeka ukishuka. Hauongezeki: Feralsoli. Unaongezeka: tazama ule mfinyanzi unaotawanyika kwa maji kwenye tabaka lililoongezeka. Ukiwa chini ya asilimia 10 bado ni Feralsoli. Ukizidi, na vigezo vingine vya kuuruhusu ubaki Feralsoli navyo havipo, elekea Akrisoli ikiwa besi ni chache, Liksisoli zikiwa nyingi.

Shamba la bibi lilitoka Feralsoli nyekundu kileleni na ubavuni, na bondeni udongo wa kijivu unaotuamisha maji. Kwenye ripoti andika mfinyanzi ulivyopimwa na ulivyohakikiwa, namba zote mbili, pamoja na njia. Bakiza nusu kilo ya kila tabaka, lebo ya penseli ndani ya mfuko na nyingine nje, ili atakayebisha apime tena.